Jiwe Lililonyamaza

Saa tatu asubuhi ya Ijumaa, Sajenti Jeruto alisimama kando ya mashine ya kubana mawe, akisubiri kuambiwa kama Mzee Muchiri ni mwizi.

Mashine ilikuwa katika maabara moja huko Kesses, chumba cha chini chenye madirisha madogo. Mwenye mashine alikuwa Daktari Lorraine, mwalimu wa mambo ya mawe, mwanamke mfupi aliyevaa gambuti na koti lililowahi kuwa jeupe. Ndani ya mashine kulikuwa na kipande cha jiwe jeusi, cha mviringo, kinene kama mhindi mzuri wa kuchoma. Kilikuwa kimetobolewa kutoka jiwe kubwa lililokaa sakafuni na karatasi ya polisi: Kielelezo cha Pili.

Kielelezo cha Kwanza kilikuwa waya wa manjano, wa kulipulia baruti. Ulipatikana Alhamisi asubuhi kwenye machimbo ya Mzee Muchiri, umefunga mlango wa kibanda cha kuku.

Kesi yenyewe ilianza Jumatatu. Injinia Kigen, mkubwa wa kambi ya ujenzi wa barabara, alikuja kituoni akaandikisha kwamba boksi mbili za baruti zimetoweka stoo. Alisema wachunguzwe wachonga mawe wa ng'ambo ya barabara. Polisi walipovuka barabara wakauona ule waya, Mzee aliwaambia ameuokota hapo hapo. Wakambeba, pamoja na jiwe moja la kupimwa kama lililipuliwa. Leo saa nane mchana angepelekwa kortini kwa wizi wa baruti na kulipua bila kibali, na kwa kosa kama hilo mtu wa miaka sitini na nane huenda asirudi nyumbani.

"Sikiliza," Daktari Lorraine alisema. Alichukua jiwe dogo jeusi kutoka kwenye rafu, akaligonga kwa nyundo. Jiwe likalia, ngii, kama kengele ya shule. "Mawe meusi ya Uasin Gishu yanalia. Ukiyagonga unajua uko nyumbani. Sasa sikiliza lenu."

Alikitoa kipande kutoka kwenye mashine, akakigonga. Kilitoa sauti ya mtu anayegonga gunia la viazi.

"Limenyamaza," Jeruto alisema.

"Limejaa nyufa. Ndogo sana, nyingine huwezi kuziona kwa macho. Sauti ikifika kwenye ufa inachoka."

"Haiwezekani lilizaliwa hivyo?"

"Ndiyo sababu nimelibana." Daktari alikirudisha kipande kwenye mashine, akageuza gurudumu. "Hapa napitisha sauti kutoka upande huu hadi ule, na kompyuta inapima mwendo. Kwenye jiwe zima, sauti hukimbia karibu kilomita tano kwa sekunde. Kwenye hili ilikuwa inakimbia tatu. Tazama nikilibana."

Namba kwenye kioo zilipanda. Tatu na nusu. Nne. Nne na robo.

"Nyufa zinafungwa kwa sababu ya kubanwa, sauti inapata njia. Nikiliachilia zinafunguka, sauti inachoka tena. Jiwe lililozaliwa bovu, lenye matundu ya mviringo, halifanyi hivi. Hili lilikuwa jiwe zima, Sajenti. Likapigwa."

Konstebo Wasike, aliyekuwa ameegemea mlango, alitabasamu. Yeye ndiye aliyelibeba hilo jiwe kutoka machimboni, na tangu jana alikuwa akitembea ameshika kiuno. "Basi imeisha, Madam. Hiyo ni baruti. Nifunge faili?"

"Ngoja," Jeruto alisema. "Daktari, limepigwa na baruti?"

"Limepigwa. Barua yenu iliniuliza kama limepigwa."

"Na nini?"

"Hilo hamkuniuliza."

Jeruto alichuchumaa mbele ya Kielelezo cha Pili. Upande wa juu ulikuwa tambarare, na katikati palikuwa na shimo pana, la kina kidogo, kama sahani. Ndani ya sahani hiyo rangi ilikuwa ya kijivu, si nyeusi. Alipitisha kidole, kikatoka na vumbi laini.

"Ulitoboa kutoka wapi?"

"Hapo juu. Ndipo penye usawa, mashine inakaa vizuri."

"Hukufika chini?"

"Nilishuka kiasi cha kiganja kimoja. Kwa kawaida kinatosha."

"Wasike, hili jiwe ulilitoa wapi hasa?"

"Katikati ya machimbo, Madam. Lilikuwa limekaa peke yake."

"Kulikuwa na mawe mangapi pale?"

"Mengi. Elfu."

"Kwa nini hili?"

Wasike aliangalia viatu vyake. "Mengine yalikuwa makubwa sana. Mgongo ni wangu, Madam, si wa serikali."

Jeruto alisimama akapangusa magoti. "Daktari, ligeuze. Litoboe kutoka chini, halafu nipigie simu."

"Itachukua saa moja na nusu."

"Basi anza sasa, tafadhali."

*

Machimbo yalikuwa shimo refu kando ya barabara ya Kesses, na saa nne unusu kulikuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Mwanamke wa miaka kama sitini alikuwa amekaa kwenye gunia lililokunjwa, miguu ameinyosha mbele, anavunja kokoto. Mkono wa kushoto alishika kitanzi cha mpira wa tairi, akazungushia jiwe lisiruke. Mkono wa kulia ulikuwa na nyundo. Alikuwa anavunjia juu ya kipande cha reli ya zamani, na reli ilikuwa inamsumbua, inayumba kila akipiga.

Alimwona Wasike kabla hajamwona Jeruto.

"Ndiye huyo," alisema. "Mwizi mwenyewe amerudi."

"Mimi?" Wasike aliuliza.

"Ni wewe uliyenibebea jiwe langu la kugongea. Niliinuka kwenda kunywa uji, narudi, sina jiwe. Nikauliza, nikaambiwa serikali imelichukua. Nikasema, hata serikali inavunja kokoto siku hizi?"

"Mama, lile ni kielelezo."

"Ni jiko langu. Ukichukua jiko la mtu, utasema ni kielelezo cha ugali?"

Jeruto alivuta jiwe lingine akakaa karibu naye. "Mama, mimi ni Jeruto. Niko na huyu kijana, lakini si mimi niliyebeba. Unaitwa nani?"

"Waiyego."

"Mama Waiyego, lile jiwe umelitumia kwa muda gani?"

"Tangu nije hapa. Miaka tisa."

"Unavunjia juu yake kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili. Saa moja mpaka saa kumi na moja. Limeshachimbika katikati, limekuwa kama sahani. Vizuri sana, kokoto hazikimbii."

Wasike aliondoa kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu ameandikiwa humo.

"Miaka tisa ya nyundo," Jeruto alimwambia. "Katika mawe elfu, umetuchagulia lile ambalo limepigwa kuliko yote Uasin Gishu."

"Lilikuwa na saizi nzuri, Madam."

Simu ya Jeruto iliita. Alisikiliza, akaiweka kwenye spika.

"Juu limekufa, chini ni zima," sauti ya Daktari Lorraine ilisema. "Kadiri ninavyotoka kwenye ile sahani ndivyo mwendo unavyorudi. Chini kabisa ni nne nukta tisa. Linalia kama kengele."

"Baruti ingefanya hivyo?"

"Hapana. Baruti ni pigo moja kubwa, mshtuko unapita jiwe lote, juu hadi chini. Hili limepigwa mapigo madogo mengi sana, yote upande mmoja. Nimeandika ripoti mpya. Ya kwanza nimeichana, naomba msinitaje sana."

Jeruto alikata simu. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

"Basi Mzee anatoka," Wasike alisema. Alionekana ameanza kufurahi.

"Hatoki. Ripoti inasema hilo jiwe halikulipuliwa. Haisemi Mzee hakuiba baruti. Waya bado uko mezani, na mwendesha mashtaka anaupenda sana ule waya."

Mama Waiyego alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Pa. Jiwe likagawanyika. Akachukua lingine. Pa. Jeruto alimtazama. Alihesabu mawe sita, mapigo sita.

"Mama, unapiga mara moja tu?"

"Ni haya mapya. Tangu Jumanne. Hayana ubishi." Alionyesha kwa nyundo rundo lililokuwa nyuma yake. "Jiwe la hapa unaliomba mara nne, mara tano, ndipo likubali. Haya yanavunjika kama mandazi ya juzi. Jumatano nilijaza madebe mpaka nikafikiri nimekuwa msichana tena. Nikamwambia Muchiri, atafute mwanamke mwingine wa kunilinganisha naye."

Jeruto aliomba nyundo. Aligonga jiwe moja la rundo lile: put. Aligeuza upande wa pili: put. Alilivunja, akagonga kipande cha katikati kabisa. Put. Halafu akaenda kwenye ukuta wa machimbo, akagonga hapo. Ngii, mpaka mkono ukamwasha.

Alichukua chupa ya maji kutoka kwa Wasike. Alimwaga kidogo kwenye ukuta, maji yakateremka na kuacha jiwe likikauka. Alimwaga kwenye jiwe la rundo. Maji yakasimama kidogo, kisha yakanywewa, doa jeusi likabaki.

"Yanakunywa," Wasike alisema.

"Kila upande." Jeruto aligeukia kwa Mama Waiyego. "Haya hayakutoka hapa."

"Aliyaleta Obonyo wa lori. Ni kifusi tu. Alikuwa ameambiwa akayatupe mbali, huko chini, nikamwona anapita nikamwambia mwaga hapa, okoa dizeli. Akamwaga."

"Na waya wa manjano?"

"Ulikuwa ndani ya kifusi. Muchiri akauona akasema huu ni mzuri kwa mlango wa kuku. Yule hatupi kitu. Ana misumari ya wakati wa baba yake."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Walimwuliza yeye umetoa wapi, akasema nimeokota hapa. Si uongo. Mimi hakuna aliyeniuliza. Waliokuja walikuwa wanatafuta mawe."

Wasike alivaa kofia yake tena.

"Obonyo alikuwa ameyatoa wapi?" Jeruto aliuliza.

"Elgon View, mtaa wa matajiri huko mjini. Alisema kuna nyumba mpya, geti la kijani, wanachimba tangi la maji chini ya ardhi."

"Panda gari, Mama. Njoo na nyundo yako."

"Elgon View na hili vumbi?" Mama Waiyego aliangalia leso yake. Alifikiri kidogo. "Ngojeni nioshe uso. Wasije wakasema tumetoka machimboni."

*

Geti la kijani lilifunguliwa na askari wa lindo mwenye koti kubwa kuliko yeye, mzee mpole aliyejitambulisha kama Kimutai. Ndani kulikuwa na nyumba ya ghorofa isiyopakwa rangi, na uwanja ambao nusu yake ulikuwa mwamba mtupu, mweusi, ukitokeza nyasini kama mgongo wa ng'ombe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la mraba. Kando ya shimo alisimama mwanamume mwenye kofia ya ujenzi na kikombe cha chai.

Jeruto alimfahamu. Saini yake ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili.

"Sajenti," Injinia Kigen alisema kwa furaha. "Karibuni chai. Mmepata baruti yangu?"

"Bado tunaitafuta, Injinia. Nyumba ni yako?"

"Ya familia. Mzee amekiri?"

"Hajakiri. Shimo zuri. Mmelichimba na nini?"

"Kompresa. Vijana wanne, wiki tatu. Huu mwamba ni mgumu, acha tu."

Nyuma yao ilisikika ngii. Mama Waiyego alikuwa amechuchumaa karibu na geti, anagonga mwamba.

"Huyo mama anafanya nini?"

"Ananisaidia kusikia," Jeruto alisema. Alitoa chaki mfukoni, akaenda kumfuata.

Walianza getini. Ngii. Jeruto aliweka alama ya duara. Hatua tatu mbele, ngii. Duara. Hatua nyingine tatu, sauti ilikuwa fupi kidogo. Mama Waiyego aliinua kichwa.

"Hapa limeshikwa na homa," alisema.

Hatua tatu tena. Put. Jeruto aliweka msalaba. Kutoka hapo hadi ukingo wa shimo ilikuwa misalaba tu. Wakazunguka upande wa pili wakaanza kutoka mbali tena, kwenye ua. Duara, duara, homa, msalaba, msalaba. Walipomaliza pande nne, uwanja wa Injinia ulikuwa umechorwa, misalaba imelizunguka shimo, na maduara yameizunguka misalaba.

Chai ya Injinia ilikuwa imepoa mkononi.

"Mawe ya hapa ni mabovu kwa asili," alisema.

"Ya getini yanalia."

"Kompresa inatikisa sana."

"Hatua nane kutoka ukingoni?"

Jeruto aliteremka shimoni kwa ngazi. Mama Waiyego alimfuata bila kuombwa, leso ameifunga kiunoni. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na mfereji uliosimama wima, nusu mviringo, kama tundu lililopasuliwa katikati, upana wa chupa ya soda. Kuuzunguka, mwamba ulikuwa mweupe, umesagika. Jeruto aliugusa, ukabaki kidoleni kama unga. Kutoka kwenye unga huo nyufa zilitawanyika kila upande, nene mwanzoni, nyembamba mwishoni.

Mama Waiyego aliziangalia kwa muda, akafuata ufa mmoja kwa kucha.

"Mwanangu, nyundo hupiga kutoka nje," alisema. "Hili limepigwa kutoka ndani."

Jeruto alipanda juu. Hakwenda kwa Injinia. Alienda getini.

"Mzee Kimutai, hawa walianza kuchimba lini?"

"Kompresa ilikuja Ijumaa iliyopita," Kimutai alisema. "Jumamosi wakatoboa matundu, membamba, marefu. Jumatatu asubuhi nikakuta shimo."

"Na Jumapili?"

"Jumapili sikuwepo, Madam. Injinia alinipa ruhusa niende kanisani." Uso wake uling'aa. "Miaka minne nimekuwa nikiomba Jumapili moja. Akanipa bila hata kumwomba. Nilimwombea sana siku hiyo."

"Majirani walikuwepo?"

"Hapa Jumapili asubuhi? Wote wako kanisani. Walisema jioni kwamba ilipiga radi, waliisikia hata kanisani."

Jeruto aliandika yote, akamsomea, Kimutai akatia saini polepole. Ndipo aliporudi shimoni. Injinia alikuwa amekaa kwenye rundo la mchanga, kofia magotini.

"Wiki tatu, Injinia?"

"Walininyima kibali cha kulipua," alisema. "Wakasema ni mtaa wa watu. Kompresa siku nzima inatoa karai mbili. Nilitaka tangi tu, Sajenti. Tulifunika na matairi na mchanga. Hakuna hata kioo kilichovunjika."

"Boksi mbili?"

"Moja. Ya pili haikuhitajika."

"Na kwa nini ukaja kituoni?"

"Wakaguzi wa stoo walikuwa wanakuja Jumatatu mchana. Ilibidi mtu awe ameiba."

"Ukamchagua Mzee Muchiri."

"Sikumtaja. Simjui hata kwa sura. Nilisema tu wachonga mawe wa ng'ambo."

Mama Waiyego alikuwa anapanda ngazi. Kichwa chake kilitokeza kwanza, kisha nyundo.

"Mimi ndiye mchonga mawe wa ng'ambo," alimwambia. "Unanijua sasa?"

Injinia aliinamisha macho. Jeruto alimwuliza boksi ya pili iko wapi, naye akaonyesha kwa kidole kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

"Wasike, linda kibanda mpaka wataalamu wa mabomu wafike. Usiguse kitu, usivute sigara."

"Mimi sivuti, Madam."

"Basi usianze leo."

Wasike alikwenda kulinda. Alisimama hatua ishirini kutoka kibandani, akafikiri, akaongeza kumi.

*

Saa saba na nusu Jeruto alikuwa amekwama nyuma ya lori la ngano katikati ya mji, Injinia Kigen kiti cha nyuma na Mama Waiyego mbele, anawapungia mkono watu asiowajua. Jeruto alipiga simu kwa mkubwa wa kituo, akamsomea maelezo ya Kimutai na kumweleza ripoti ya Daktari. Mkubwa alimtaka arudie sehemu ya jiwe la kugongea. Alirudia. Upande wa pili kikasikika kicheko kirefu, kisha simu ikapewa mwendesha mashtaka, ambaye hakucheka.

"Mlete huyo wa tangi," alisema. "Huyo wa kuku mwachilieni. Lakini karatasi niione mezani kabla ya saa nane."

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili karatasi ilikuwa mezani. Mzee Muchiri alitolewa seli akiwa na viatu mkononi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye masikio makubwa. Koplo wa zamu alimrudishia mshipi, kofia na kisu cha mfukoni, akamsogezea kitabu.

"Una malalamiko yoyote, Mzee?"

Muchiri alifikiri kwa makini, kalamu hewani. "Chai yenu haina majani," alisema. "Andika hiyo."

Koplo akaandika.

Jeruto alimwambia samahani kwa niaba ya ofisi. Mzee alimpa mkono, akauliza kuku wamelala wapi. Mama Waiyego alisema wamelala kwake, na jogoo ana tabia mbaya kama ya mwenyewe. Wakatoka pamoja kupitia geti dogo, wakibishana kuhusu jogoo.

Lori la korti lilikuwa limesimama uwanjani, injini inanguruma. Saa nane kamili koplo mwingine, ambaye alikuwa ametoka kula na hakujua habari, alisimama nyuma ya lori na orodha, akaanza kuita majina. Watu walijibu mmoja mmoja na kupanda.

"Muchiri Gathungu."

Hakuna aliyejibu. Koplo aliangalia ndani ya lori, akaangalia orodha.

"Muchiri Gathungu."

"Nipo," sauti ilijibu, mdomo umejaa.

Ilitoka ng'ambo ya ua. Mzee Muchiri alikuwa kando ya barabara mbele ya jiko la mahindi ya kuchoma, mhindi mkononi, amevaa viatu bila kufunga kamba. Mama Waiyego alikuwa kando yake anachagua wake, akiugeuzageuza kutafuta ulioiva pande zote.

Koplo alimgeukia Jeruto. "Afande, huyu yuko nje."

"Naona," Jeruto alisema. "Ita anayefuata."